Gari Lako Likivuka Lango la Bandari

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumze nanyi mnaojiandaa kuhamia ng'ambo na ambao mngependa magari yenu yawafuate, nami nimekubali kwa sharti kwamba sitaanza na meli. Karibu kila anayenijia na suala hili huanzia huko: nauli ni kiasi gani, safari ni ya siku ngapi, chumvi ya bahari italila bati au haitalila. Maswali hayo yana majibu, na majibu yenyewe si magumu. Jambo gumu ni lile ambalo watu hulitambua wakiwa wameshachelewa, kwamba gari mlilolizoea, ambalo kila mkwaruzo wake mnajua ulikotoka na ambalo kiti chake cha nyuma kina doa la maziwa ya mtoto, likivuka lango la bandari huacha kuwa gari la familia na kuwa shehena. Maofisa wa forodha wa nchi mnayohamia hawatauliza limewatumikia kwa uaminifu kiasi gani. Watauliza lilitengenezwa mwaka gani, kwa viwango vya nchi gani, lina thamani gani na anayeliingiza ni nani. Na majibu yasipopatikana kwa maandishi, litabaki bandarini huku tozo ya kuhifadhiwa ikiongezeka kila kukicha.

Kwa hiyo hesabu yetu na ianzie mwisho wa safari, kwenye sheria za nchi mnakokwenda, kisha irudi nyuma hadi kwenye gati la kupakilia. Swali la kwanza ni kama gari hilo linaruhusiwa kuingia kabisa, na hapa mtashangazwa na jinsi mataifa yanavyotofautiana. Zipo nchi zinazolikataa gari kwa kuwa limezeeka, na zipo zinazolikataa kwa kuwa halijazeeka vya kutosha. Nchini Marekani, gari ambalo halikutengenezwa kwa kufuata viwango vya usalama vya nchi hiyo haliingii kwa matumizi ya kudumu mpaka litimize miaka 25 tangu lilipotengenezwa, isipokuwa likipitia kwa mwagizaji aliyesajiliwa ambaye atalirekebisha lifikie viwango hivyo, na marekebisho hayo huweza kugharimu kuliko gari lenyewe. Sheria ya moshi ya nchi hiyohiyo ina hesabu yake nyingine, ya miaka 21. Jirani yake Kanada huhesabu miaka 15. Mtu mwenye gari la miaka sita, safi, lililotunzwa vizuri, hulichukulia kuwa ndilo lisilo na shida, kumbe mbele ya sheria za namna hii gari la babu yake lina nafasi kubwa zaidi ya kupita.

Australia nayo ina mlango wa aina yake. Tangu tarehe 1 Julai 2021, idhini ya kuingiza gari inatakiwa kupatikana kabla gari halijapakiwa melini, na anayeomba kwa njia ya mali binafsi hudaiwa uthibitisho kwamba alilimiliki na kulitumia huko alikokuwa kwa muda usiopungua miezi 12. Juu ya hilo kuna asbesto, ambayo Australia iliipiga marufuku kabisa kuanzia tarehe 31 Desemba 2003. Magari ya zamani yalikuwa nayo kwenye breki, klachi na gasketi, na mkaguzi akiwa na shaka anaweza kuamuru vifaa hivyo vifunguliwe na sampuli zipelekwe maabara, kwa gharama ya mwenye gari. Nimewataja hawa kwa sababu masharti yao yameandikwa wazi na yanasomeka, lakini kila nchi ina yake, na yanabadilika. Yasomeni kwenye chapisho la mamlaka yenyewe, ya mwaka huu, na wala msitegemee simulizi la binamu aliyehama miaka minane iliyopita.

Tuje kwenye kodi, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nchi nyingi hutoza ushuru kwa kuchukua thamani ya gari, kisha kuijumlishia nauli ya meli na bima ya safari, ili ushuru utozwe kwenye jumla hiyo. Halafu kodi ya ongezeko la thamani huja juu ya thamani na ushuru kwa pamoja. Maana yake ni kwamba nauli mliyoilipa inatozwa kodi, na kodi ya kwanza inatozwa kodi ya pili. Aidha, thamani yenyewe si lazima iwe ile iliyo kwenye risiti yenu. Forodha nyingi zina majedwali yao ya bei, na gari mlilouziwa kwa bei ya kirafiki na shemeji litakadiriwa kwa bei ya jedwali bila kujali undugu wenu.

Nafuu ipo, na imewekwa kwa ajili ya watu kama ninyi. Mataifa mengi humsamehe ushuru mtu anayehamisha makazi yake, likiwemo gari lake, kwa kuwa hafanyi biashara. Umoja wa Ulaya ni mfano mzuri kwa sababu masharti yake yanahesabika. Mhamiaji awe ameishi nje ya eneo la forodha la Umoja huo kwa angalau miezi 12 mfululizo. Gari liwe mikononi mwake, na awe amelitumia kule alikotoka, kwa angalau miezi sita kabla ya kuhama. Liingizwe ndani ya miezi 12 tangu aanze makazi mapya. Kisha lisiuzwe, lisikodishwe, lisiazimwe wala kuwekwa rehani kwa miezi 12 baada ya kuingia, la sivyo ushuru uliosamehewa unadaiwa. Yaangalieni masharti hayo kwa jicho la kalenda na mtaona kwa nini nasema uamuzi huu hufanywa mapema. Anayenunua gari jipya miezi mitatu kabla ya kuondoka, akidhani amefanya busara ya kwenda na kitu imara, amejifungia mlango wa msamaha kwa mikono yake mwenyewe. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na ndilo kosa linalonisikitisha kuliko yote, kwa kuwa halitokani na uzembe.

Sasa hati. Jina lililo kwenye kadi ya gari na jina lililo kwenye pasipoti yapaswa kuwa moja. Gari lililosajiliwa kwa jina la kampuni yenu, au la mke ambaye atafuata baadaye, au la baba aliyekusaidia kulinunua, si gari lako machoni pa anayekagua msamaha wa kodi. Likiwa bado lina mkopo, aliyekopesha ni lazima atoe ridhaa kwa maandishi, kwani hakuna bandari makini itakayoruhusu dhamana ya benki ivuke bahari kimyakimya. Marekani huhitaji hati halisi ya umiliki na gari lenyewe vifikishwe kwa forodha saa 72 kabla ya kusafirishwa, kwa lengo la kuzuia magari ya wizi yasitoroshwe. Uingereza hudai mamlaka ya usajili iarifiwe kwamba gari linaondoka kwa kudumu. Japani hutoa cheti maalumu cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, na nchi nyingi zinazopokea magari kutoka huko hazikubali gari lisilo nacho. Kanuni iliyo nyuma ya yote haya ni kwamba gari haliwezi kuwa raia wa nchi mbili. Lazima lifutwe kule ndipo lisajiliwe huku.

Niruhusuni niseme kidogo kuhusu namba ya chesisi, kwa kuwa ilinitesa. Magari yaliyotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kawaida hubeba namba yenye herufi na tarakimu 17, ambayo huonekana chini ya kioo cha mbele, mlangoni au kwenye bati lililopigwa muhuri. Mwaka niliohamisha gari langu mwenyewe, karani wa wakala niliyemlipa aliandika herufi O mahali palipokuwa na sifuri kwenye hati ya shehena. Forodha ililinganisha hati na chuma, ikaona vitu viwili tofauti, na gari likakaa siku 11 huku mimi nikitafuta marekebisho kutoka kwa watu waliokuwa upande wa pili wa dunia, ambao kwao ilikuwa usiku kila nilipopiga simu. Laiti ningejua wakati ule jambo ninalowaambia leo: herufi I, O na Q hazitumiki kamwe katika namba hizo, makusudi, ili zisichanganywe na moja na sifuri. Mkiona duara katika namba ya chesisi, hilo ni sifuri. Ombeni rasimu ya hati ya shehena kabla meli haijaondoka, mkaisome herufi kwa herufi mbele ya gari lenyewe, maana baada ya meli kung'oa nanga kila herufi ya kurekebishwa ina bei.

Nilisema meli haitakuwa ya kwanza. Sasa zamu yake imefika. Njia za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni meli ya magari, ile inayofanana na jengo la maegesho linaloelea, ambamo gari huendeshwa na kuingia kwa miguu yake, kisha hufungwa kwa mikanda sakafuni. Meli kubwa kabisa za aina hii hubeba magari zaidi ya 8,000. Nauli yake aghalabu hukokotolewa kwa mita za ujazo, ndiyo maana kibebeo cha mizigo juu ya paa hupandisha bei ya bure, na kukiondoa ni kazi ya nusu saa. Gari sharti liwe linawaka na kufunga breki, na kwa kawaida haliruhusiwi kuwa na mizigo ndani. Njia ya pili ni kontena. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa karibu mita 5.9 na mlango wenye upana wa kama mita 2.3; gari la kawaida linaingia, lakini gari refu la kubebea mizigo huenda likagoma, na dereva akishaliingiza hana nafasi ya kufungua mlango sawasawa atoke. La futi 40 huchukua mawili, na mtu anayehamisha na vyombo vya nyumbani huweza kuviweka pamoja na gari, mradi kila kitu kimeorodheshwa. Sufuria tatu zisizo kwenye orodha zinatosha kumfanya mkaguzi aamuru kontena zima lipakuliwe.

Kama mtaniuliza rai yangu, gari la kawaida linalotembea na liende kwa meli ya magari, na gari la thamani ya pekee, au lisilowaka, au linaloelekea bandari isiyofikiwa na meli hizo, liingie kontenani. Hofu ya chumvi na mawimbi imekuzwa mno. Ndani ya meli ya magari gari liko chini ya sitaha, halipigwi na maji. Hofu inayostahili ni nyingine.

Tarehe 8 Septemba 2019, meli ya magari iitwayo Golden Ray ilikuwa ndiyo kwanza inaondoka bandari ya Brunswick, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ilipolala ubavu na magari yake zaidi ya 4,000, na uchunguzi ukaonyesha kwamba uthabiti wake ulikokotolewa vibaya. Tarehe 16 Februari 2022, Felicity Ace ilishika moto karibu na visiwa vya Azores. Mabaharia wote 22 waliokolewa, lakini meli ilizama tarehe 1 Machi pamoja na magari yapatayo 4,000. Matukio haya ni machache ukilinganisha na safari zinazofika salama. Nayataja kwa sababu ya swali ambalo hufuata: nani analipa? Watu wengi hujibu kwamba atalipa mwenye meli, na hapo ndipo penye mshtuko. Chini ya kanuni za Hague-Visby, zinazotumika katika safari nyingi za baharini, mwenye meli anaweza kuwekea mpaka dhima yake kwa vizio 666.67 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (kipimo cha thamani ya fedha kiitwacho SDR) kwa kila kifurushi, au vizio viwili kwa kila kilo, kwa kufuata kilicho kikubwa. Gari la kilo 1,500 linapata vizio 3,000, liwe la kifahari au mkweche. Sheria ya Marekani, ya mwaka 1936, hutaja dola 500 kwa kila kifurushi. Na mara nyingine, kama ajali imetokana na kosa la nahodha katika kuiongoza meli, au na moto ambao mwenye meli hakuusababisha mwenyewe, halipi hata hicho.

Kuna jambo la ajabu zaidi, ambalo kwa ukongwe wake nashindwa kulipita haraka. Mabaharia wa kale wa kisiwa cha Rhodes walikuwa na ada kwamba mzigo wa mmoja ukitupwa baharini ili chombo kiokoke, wote ambao mizigo yao imesalimika watachangia kumfidia. Warumi waliipokea, ikaingizwa katika mkusanyiko wa sheria wa mfalme Justinian katika karne ya 6, na hadi leo inaishi kwa jina la hasara ya pamoja. Meli Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, wenye meli walitangaza hasara ya pamoja, na watu waliokuwa na mizigo kwenye makontena yake zaidi ya 18,000, mizigo ambayo haikupata hata mkwaruzo, walitakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa mali zao. Mwenye bima ya baharini humwachia kampuni ya bima itoe dhamana hiyo. Asiye nayo huitoa mfukoni. Kwa hiyo msiulize bima kwa kuangalia bei yake peke yake. Ulizeni kama inalipa hasara zote au inalipa gari likipotea kabisa tu, kama inagusa hasara ya pamoja, na kama inahesabu vitu vilivyoachwa ndani ya gari, kwa kuwa nyingi hazivihesabu.

Maandalizi ya gari lenyewe ni mepesi. Tangi liwe na robo au pungufu, kingamizi cha wizi kizimwe, betri iwe nzima, magurudumu yajazwe upepo, na gari lipigwe picha pande zote likiwa safi, kwa kuwa uchafu huficha mikwaruzo ya zamani na kuzaa ugomvi juu ya mipya. Gari la umeme huhesabiwa kuwa shehena ya hatari kwa sababu ya betri yake, na kampuni za meli huweka kikomo cha chaji, kwa hiyo ulizeni mapema.

Usafi una sababu nyingine pia. Tope lililoganda chini ya matao ya magurudumu ni udongo wa nchi nyingine, wenye mbegu na wadudu wake. Australia na New Zealand humwogopa mdudu mmoja wa kahawia anayenuka, ambaye hujificha ndani ya mashine wakati wa baridi na ambaye angeweza kuangamiza mashamba ya matunda. Mizigo yenye hatari hiyo inayopakiwa katika nchi ambazo mamlaka zao zimeziorodhesha kuwa na mdudu huyo, kati ya tarehe 1 Septemba na 30 Aprili, hutakiwa kupitia joto kali au mafusho kabla ya kuruhusiwa. Mwezi Februari 2018, New Zealand ilizirudisha baharini meli kadhaa za magari zilizotoka Japani baada ya wadudu hao kuonekana ndani. Wenye magari hawakuwa na kosa lolote, na bado walisubiri.

Baada ya yote hayo, je, inafaa? Kwa walio wengi, nasema uzeni gari mkanunue jingine huko. Usukani ulio upande wa barabara ya nyumbani utakuwa upande wa mtaro mkifika nchi inayoendesha kwa mkono mwingine, na taa zenu zitawamulika usoni wanaokuja. Redio za magari mengi ya zamani ya soko la Japani huanzia megahezi 76 na kuishia karibu na pale ambapo vituo vya nchi nyingine vingi ndipo vinapoanza. Plagi ya kuchajia gari la umeme la Amerika Kaskazini haiingii kwenye chaja ya Ulaya bila adapta. Dhamana ya mtengenezaji mara nyingi huishia kwenye soko gari lilikouzwa, na kipuri cha toleo lisilojulikana huko huagizwa kutoka mbali. Ila gari lililobadilishwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, gari la kale lenye historia, au gari zuri linaloingia kwa msamaha kamili katika nchi ambako magari ni ghali, hayo nitawashauri myasafirishe bila kusita.

Na mkiamua kulisafirisha, jueni siku ya kulichukua itakavyokuwa. Gari halitakuwa na namba za nchi hiyo, bima ya barabarani haitakuwapo, betri yaweza kuwa imekufa, na mafuta yatakuwa ya kufikia kituo cha karibu tu, hivyo pangeni gari la kulibeba mapema. Kabla ya kutia saini hati ya kulipokea, lizungukeni mkiwa na picha mlizopiga siku ya kulipakia, mkiandika kila dosari mpya kwenye hati hiyohiyo. Chini ya kanuni zilezile za Hague-Visby, dosari inayoonekana kwa macho yapaswa kuarifiwa papo hapo, iliyojificha ndani ya siku tatu, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Mlinzi atawahimiza mharakishe kwa sababu foleni ni ndefu. Mwambieni kwa heshima asubiri. Mkitia saini bila kuandika kitu, sheria itachukulia kwamba mmekabidhiwa gari lenu zima.